Kuhamia nyumba ya kwanza Mbeya: umeme, maji na moto kabla ya kitanda

Nyumba nyingi za kupanga Mbeya huonyeshwa mchana, jua likiwa limetoka na maji yakiwa yanatoka. Dalali anafungua bomba la jikoni, anabonyeza swichi ya sebuleni, anakusifia tailizi, kisha anataja kodi ya miezi sita. Wengi wanaohama kwa mara ya kwanza, awe ametoka kwa wazazi Tukuyu, hosteli ya chuo au chumba cha kushirikiana Mwanjelwa, wanalipa palepale na kuanza kutafuta kirikuu ya kubeba kitanda.

Kitanda kisubiri kidogo. Umeme na maji havimjui mtu, vinajua mita. Mpangaji aliyeondoka mwezi jana na kuacha deni la maji hakuondoka nalo. Deni liko palepale getini, na ukishahamia wewe ndiye utakayekatiwa. Kwa hiyo kuhama kunaanza na namba, vyombo vinafuata.

Ninamwandikia hasa anayepanga nyumba nzima au nusu nyumba mjini Mbeya. Ukiwa Iringa mamlaka ya maji ni IRUWASA, Njombe ni NJUWASA, lakini mwendo wa mambo haupishani sana. Aliyejenga mwenyewe na anahamia kwenye kuta ambazo bado hazijapigwa plasta nimemwekea sehemu yake huko chini.

Hatua ya kwanza: nunua umeme wa elfu tano kabla ya kulipa kodi

Mwombe mwenye nyumba namba ya mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Ina tarakimu 11 na imeandikwa kwenye mita yenyewe. Siku hizi mita nyingi ziko juu ya nguzo, ndani kuna rimoti ya kuingizia tokeni. Rimoti hiyo ni sehemu ya funguo za nyumba: hakikisha ipo na inawaka.

Nunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu, ingiza tokeni, kisha soma ule ujumbe wa risiti mstari kwa mstari. Risiti hiyo itakueleza habari za nyumba kuliko dalali.

Hesabu zake ziko hivi. Nyumba nyingi za mjini ziko kwenye kundi la T1, ambako uniti moja ni shilingi 292 kabla ya makato. Ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unafika kama shilingi 356. Ndiyo maana watu wamezoea kusema elfu kumi ni uniti 28. Elfu tano yako basi ilete uniti 14. Ikiwa ni ununuzi wa kwanza wa mwezi, kodi ya majengo ya shilingi 1,500 inakatwa kwanza (ilikuwa 1,000 ilipoanza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021, ikapandishwa 2023), nawe unabaki na uniti karibu 10. Ukipata chini ya hapo, kuna kitu kinakatwa. Huenda ni deni la zamani, au ni kodi ya majengo ya miezi ambayo nyumba ilikaa tupu, maana inajilimbikiza. Nyumba iliyokaa miezi minane bila mtu inadaiwa 12,000 kabla hujawasha taa hata moja.

Ukipata uniti 41 au karibu na hapo, usidhani mtandao umekosea. Nyumba iko D1, kundi la watumiaji wadogo, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato. Ukizidi 75, kila uniti ya ziada inakuwa 350. Nyumba ya D1 ni neema kwa anayeanza maisha, ila neema hiyo inaisha haraka ukifunga vifaa vya kupasha maji. Nitafika huko.

Jambo jingine la nyumba zilizokaa tupu muda mrefu: mwaka 2024 mita zote za LUKU zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa kuingiza tokeni mbili za ziada kabla ya ile ya umeme. Mita ambayo haikufanyiwa hivyo hukataa tokeni. Mita ikikukatalia, mwambie mwenye nyumba apige TANESCO namba 180, ni bure, nawe ushike pesa yako mpaka taa ziwake.

Kodi ya majengo kisheria ni ya mwenye jengo. Kwa kuwa inakatwa kwenye umeme unaonunua wewe, andikeni kwenye mkataba kama itapunguzwa kwenye kodi ya nyumba au la. Kwa mwaka ni 18,000. Si pesa ya kugombana, ndiyo maana ni vizuri kuimaliza kabla ya kugombana.

Kama LUKU ni ya pamoja

Nyumba za Mbeya zenye familia mbili au tatu uani mara nyingi zina mita moja. Kila mwisho wa wiki mtu anapita mlango kwa mlango kukusanya buku mbili mbili. Utaratibu huu unakwenda vizuri mpaka jirani mmoja anunue friji la kugandishia barafu za kuuza.

Uliza mapema mnachangiaje: kwa chumba, kwa kichwa au kwa vifaa. Kuchangia kwa vifaa ndiko kwenye haki, ila kunahitaji mtu mwenye subira ya kuandika. Kilicho bora kuliko vyote ni mita ndogo za kuhesabia, moja kwa kila familia, zinazofungwa na fundi baada ya mita kuu. TANESCO hawahusiki nazo. Zinawaonyesha tu nani katumia uniti ngapi. Kama mwenye nyumba hataki gharama, waiteni wapangaji wenzenu mchangie wenyewe.

Maji: mwombe mkubwa risiti bila kumuudhi

Kwenye maji hatari ya deni ni kubwa zaidi kwa sababu bili huja baada ya kutumia. Unahitaji kuona bili ya mwisho na ushahidi kwamba imelipwa. Shida ni namna ya kuuliza. Mwenye nyumba mara nyingi ni mtu mzima, na kijana akiuliza "kuna deni?" akiwa amesimama mlangoni, linasikika vibaya. Jaribu hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nyumba umeionaje?"

"Nimeipenda mama. Kabla sijalipa, naomba tuangalie pamoja bili ya maji ya mwisho, halafu tupige picha mita, ili tujue mimi naanzia wapi. Tusije kusumbuana huko mbele."

Ukisema "tuangalie pamoja" na "tusije kusumbuana" hujamwita mtu mdaiwa. Na mama asiye na deni atafurahi, maana naye ameshaachiwa bili na wapangaji wengine.

Piga picha ya namba za mita siku hiyohiyo, tarehe ionekane, mtumie na yeye. Akaunti ya maji inabaki kwa jina la mwenye nyumba, lakini mwombe aiambie mamlaka iweke namba yako ya simu ili ujumbe wa bili na kontroo namba vikufikie wewe. Bili inayokwenda kwenye simu ya mtu aliyeko Songea utaijua siku fundi wa kukata maji anapobisha hodi.

Halafu fanya jaribio hili: funga mabomba yote, pamoja na ya chooni, kisha tazama ile nyota ndogo au pembetatu inayozunguka kwenye mita. Ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja mahali usipopaona. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Bomba linalovuja chini ya zege linaweza kukunywea ndoo hizo bila mtu kuloa mguu.

Kuhusu mgao, usimuulize dalali. Tembea mtaani. Ukiona kila uwanja una madumu yamepangwa na kila nyumba ina simtanki, umeshajibiwa. Muulize mama wa genge la karibu maji yanatoka siku zipi na saa ngapi. Atakujibu hata hajamaliza kukata mboga, kwa sababu maisha yake yanakwenda kwa ratiba hiyo. Mwulize hasa habari za Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijarudi. Mradi wa kuleta maji kutoka Mto Kiwira umezungumzwa sana kuwa ndio utakaomaliza kiu ya jiji, na mimi nauombea heri, lakini wewe nunua tanki.

Tanki la ukubwa gani? Watu wanne wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku wanamaliza lita 200. Tanki la lita 1,000 litawavusha siku tano. Likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo halikai juu ya mbao za kuungaunga. Linataka zege au mnara wa chuma, na kitako chake chote kiguse sehemu tambarare. Kila mita moja ya urefu inakupa moja ya kumi ya presha ya ba moja tu. Kama unataka bafu la juu litoe maji ya maana, mnara wa mita mbili hautoshi kuringia. Mpangaji asijenge mnara. Anunue tanki analoweza kuhama nalo, na mnara awe amekubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi.

Mvua zinapoanza Novemba, kinga maji ya bati, ukiacha manyunyu ya mwanzo yaoshe vumbi. Maji ya kunywa yachemshe, hasa yanapokuja na rangi ya udongo wakati wa mvua. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Vijidudu vinakufa vilevile, usiwe na wasiwasi. Kinachosumbuliwa na zile nyuzi sita ni maharage.

Moto wa kupikia, na baridi ya Juni

Aliyehamia kutoka Dar au Morogoro hushangaa mtungi wa gesi ukiisha mapema. Maharage yanayochemka kwenye nyuzi 94 yanachukua muda mrefu zaidi kuiva. Yaloweke usiku kucha, na kama kuna kifaa kimoja cha jikoni ninachoweza kukushawishi ukinunue kabla ya televisheni ni jiko la presha, ile sufuria ambayo mfuniko wake unafungwa kwa mpira usiopitisha mvuke. Nyanda za juu linalipa bei yake kwa gesi.

Mitungi ya majumbani ni ya kilo 6 na kilo 15. Anayeishi peke yake inamtosha ya 6, mwenye familia achukue ya 15 na abaki na mdogo wa akiba, kwa sababu gesi ina tabia ya kuisha ugali ukiwa nusu. Kabla ya kununua angalia vitu viwili. Kwanza, kichwa cha mtungi: regulata ya kampuni moja si lazima iingie kwenye mtungi wa nyingine, na ukibadili kampuni utabadili regulata. Pili, uzito. Mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ongeza kilo za gesi, mwambie muuzaji aupandishe kwenye mizani, naye anatakiwa kuwa nayo. Asipokuwa na mizani, duka la pili haliko mbali.

Ukifunga, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likifanya mapovu mapya, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi anafanya hivyo mbele yako akicheka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni, hivyo jiko liwe na tundu la hewa chini, karibu na sakafu, zaidi ya lile dirisha la juu ambalo kila nyumba inalo. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya kuwasha wala kuzima, toka nje. Zimamoto ni 114.

Sasa baridi. Juni na Julai Mbeya, usiku unakufanya uvae soksi mbili, na Makete na Njombe ndiko kwenye jalidi kabisa. Wengi huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha wanalala. Usifanye hivyo, na mgeni wako asifanye hivyo, hata mkaa uwe umeshika vizuri na hautoi moshi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa, halafu haamki kabisa. Familia nzima hufa hivyo. Ota moto jikoni au uani, chumbani ingia na blanketi zito na chupa ya maji moto.

Maji ya kuoga: hapa ndipo LUKU inapoliwa

Bafu la umeme linalopasha maji papo kwa papo lina nguvu ya kilowati 5.5 hivi. Dakika kumi za kuoga ni uniti 0.9. Watu wanne kila siku, mwezi mmoja, unakaribia uniti 110 za kuoga tu. Kama nyumba ilikuwa D1, hiyo pekee imekutoa kwenye uniti 75 za bei nafuu. Ukiwa T1, ni kama shilingi 39,000.

Linganisha na ndoo. Lita 15 za maji ya nyuzi 15 ukizipasha mpaka 40 zinakula uniti 0.44, nusu ya lile bafu. Hiyo ndiyo sababu nyumba nyingi za hapa zina bafu la umeme ukutani na ndoo chini yake, na ndoo ndiyo inayofanya kazi. Mwenye nyumba yake mwenyewe afikirie kipasha maji cha jua: kiangazi cha Mbeya ni cha baridi lakini anga huwa jeupe na jua la mchana ni kali.

Kama bafu la umeme lipo, kabla ya kuliwasha mwite fundi umeme aangalie mambo matatu. Kilowati 5.5 zinavuta ampea 24, kwa hiyo liwe na waya wake peke yake kutoka kwenye breka, na usiwe wa milimita 2.5 uliotolewa kwenye soketi ya jirani. Waya wa athi uwe umefika kweli ardhini, si kuishia ndani ya plasta. Na kwenye boksi la breka kuwe na ile inayokata yenyewe umeme ukivuja, ambayo ukibonyeza kitufe chake cha majaribio inaruka. Isiporuka, usioge na umeme. Kama bomba "linakupiga shoti kidogo", usilizoee.

Ukiwa na fundi hapo, mnunue na kinga ya friji ya kuchomeka ukutani, maana umeme ukikatika hurudi kwa kishindo. Radi za Januari nazo si za mchezo: zikianza, chomoa televisheni na waya wa dishi, usitegemee swichi.

Aliyejenga mwenyewe

Maombi ya umeme mpya yanafanyika kwa simu kupitia NIKONEKT, mfumo wa maombi wa TANESCO, ukiwa na namba ya NIDA. Utandazaji wa nyaya lazima ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na fomu yake yenye muhuri ndiyo inayomruhusu mpimaji wa TANESCO kuendelea. Fundi wa mtaani asiye na leseni atakufanyia kwa bei poa, kisha utamlipa mwenye leseni kugonga muhuri kwenye kazi asiyoifanya. Sijui kwa nini watu huita hiyo nafuu. Malipo ni kwa kontroo namba tu. Mjini, tangu Januari 2022, nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye laini ya umeme, isiyohitaji nguzo, ilipangiwa shilingi 320,960, na inayohitaji nguzo moja 515,618. Kwa hiyo ukiwa bado unatafuta kiwanja Isyesye au Iwambi, hesabu nguzo kabla ya kuhesabu hatua.

Kwa maji, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa upate barua ya utambulisho, uende nayo mamlaka ya maji pamoja na kitambulisho na karatasi za kiwanja. Mpimaji atakuja, atakuandikia vifaa. Mtaro wa bomba mara nyingi unachimba mwenyewe. Uwe wa kina, hasa bomba linapovuka njia ya bajaji. Nje ya mipaka ya mjini utakutana na RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watumia maji vya jumuiya, na huko mtu wa kumtafuta ni fundi wao wa kijiji.

Kumbuka pia namba ya nyumba kutoka operesheni ya anwani za makazi ya 2022. Kama kibao chako hakijafika, kiulizie kwa mtendaji.

Choo na taka

Uliza mambo mawili: mfuniko wa shimo uko wapi, na gari la kunyonya lilikuja lini. Kama mwenye nyumba hakumbuki, ujue linakaribia. Hakikisha gari linaweza kufika, kwa sababu vichochoro vya mitaa ya zamani havina huruma na malori. Taka hukusanywa na vikundi au wakandarasi kwa ada ya mwezi. Mwenyekiti wa mtaa anajua siku na bei, na ukienda kwake kujitambulisha kama mkazi mpya umemaliza mambo mawili kwa hodi moja.

Intaneti

Mji umelala chini ya mlima Loleza, na mabonde yake yanafanya simu ishike sebuleni na kupotea chumbani. Siku ya kukagua nyumba azima laini za mitandao tofauti, simama kwenye kila chumba, piga simu na ufungue video. Mtandao utakaoshinda chumbani kwako ndio wa kununulia ruta, hata kama rafiki zako wote wako kwingine. Faiba ya TTCL ni nzuri pale inapopita. Waulize waya umefika nyumba ya ngapi mtaani kwako, na usikubali jibu la "tupo eneo hilo". Dishi lifungwe na fundi atakayepanda juu ya bati kwa ngazi na kukanyaga penye misumari, maana tundu atakaloacha juu ya kitanda chako utalijua Novemba.